Gunia la Mahindi Mabovu

Ukifika kwa Mogesi pale Busawe asubuhi ya Jumamosi, utamkuta ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mahindi. Usitegemee akuinulie macho. Ataitikia salamu yako, atakuuliza habari za nyumbani, na vidole vitaendelea na kazi yake: punje nzima huku, yenye doa kule. Mumewe, Machage, ni mtu wa utani, naye huwaambia wageni kwamba mahindi ya nyumba hii hufanyiwa usaili kabla ya kuingia chunguni.

Kazi hiyo Mogesi hakuianza kwa kupenda. Miaka minne iliyopita mvua iliwawahi mahindi yakiwa bado yameanikwa uani. Wakayaingiza ndani mabichi mabichi, na baada ya wiki chache uji ukaanza kuwa na uchungu. Binti yao Robi, wakati huo mdogo wa miaka mitatu, alitapika siku mbili mfululizo. Kule zahanati muuguzi alimwuliza Mogesi mahindi yake yanafananaje, kisha akamweleza habari za sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka. Mogesi alirudi nyumbani na mtoto mgongoni na hofu ambayo mpaka leo haijamtoka.

Tangu hapo akawa mwingine. Aliuza mbuzi akanunua turubai, akaapa kwamba mahindi yake hayatagusa tena udongo. Alijifunza kutia punje chache na chumvi kavu ndani ya chupa na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yanarudi juani, hata kama Machage amekwisha kuandaa magunia na ananung'unika. Majirani walimcheka. Mwenyewe alijiona hodari, na tusimnyime haki yake, hodari alikuwa.

Ila kutupa chakula, hapana. Mogesi alizaliwa Nyanungu, kwenye boma ambalo mtoto akimwaga nafaka alikuwa anaiokota punje kwa punje. Na huko kwao, kama hapa, mahindi mabovu yana kazi yake inayojulikana: yanasagwa, yanavundikwa, yanakaangwa, yanatiwa kimea cha ulezi, yanakuwa pombe. Mazuri ni ya ugali, mabaya ni ya mtungi. Kwa hiyo kila gunia la mabovu lilipojaa, Mogesi alimpelekea mama mkwe wake, Mokami, ambaye nyumba yake iko hapo hapo uani. Alimkabidhi kwa heshima, na Mokami alimshukuru. Kata ya kwanza ya kila pombe ilikuwa ya baba mkwe, mzee Mseti.

Mzee Mseti alifariki mwaka jana. Macho yalikuwa ya njano, tumbo limejaa maji. Hospitali walisema ni ini. Watu walisema ni pombe, na kwa jinsi mzee alivyoipenda, hakuna aliyebisha. Walimlia, wakamzika, maisha yakaendelea.

Alhamisi moja baada ya mavuno ya mwaka huu, Sadock, bwana shamba wa kata, alipita kukagua mahindi. Mogesi alimwonyesha turubai, chupa ya chumvi na ungo, huku akitabasamu. Sadock alisifu kila kitu. Kisha akauliza, "Na haya mabovu, mama Robi, unayapeleka wapi?"

"Kwa mama. Anapikia pombe."

"Hapana, mama. Sumukuvu haifi kwa moto. Haiondoki hata ukivundika, hata ukikaanga." Akachota kiganja kimoja kutoka kwenye gunia. "Sasa wewe ulivyo hodari wa kuchagua, si umeikusanya yote humu?"

Sadock alipoondoka, Mogesi alibaki ameshika ungo mtupu, akihesabu misimu. Gunia lilipelekwa na nani? Na yeye. Mikono yake miwili. Watoto aliwakinga, na sumu waliyokingwa nayo aliibeba mwenyewe mpaka mlango wa pili.

Na mlango wa pili, wakati huo huo, pombe ilikuwa mtungini ikisubiri Jumamosi. Angeweza kunyamaza, akauvunja mtungi na kusema umeangushwa na ndama. Alilifikiria hilo, tena sana. Lakini msimu ujao mama angeomba gunia, na yeye angesema nini?

Alimkuta Mokami anakoroga pombe. Mogesi alipiga magoti akasema yote, kuanzia maneno ya Sadock hadi gunia la kwanza. Alisema upesi, akiogopa kulia kabla hajamaliza.

Mokami aliweka mwiko chini.

"Kwa hiyo mzee alikunywa hiyo miaka mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Na wewe ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui. Nilijua ugali tu."

Mokami aliutazama mtungi. Kisha akajifunga kanga kiunoni. "Shika huku," alisema, na wote wawili wakaubeba mtungi mpaka nyuma ya nyumba. Mogesi alichimba shimo refu, wakamwaga pombe, wakamwaga na gunia lililobaki, wakafukia wakashindilia ili kuku wasifukue. Mokami akarudi ndani akafunga mlango.

Jumamosi Mogesi aliketi na ungo wake kama kawaida, ingawa hakuwa na uhakika kama mama mkwe atamsemesha tena. Mokami alitoka ndani na kigoda chake, akakiweka karibu, akaketi. Alichota mahindi, akayasogeza karibu na macho, akayarudisha.

"Mimi madoa siyaoni," alisema. "Chagua wewe. Lakini leo, Mogesi, nichagulie na mimi."