Fundo la Mkono wa Kushoto

Wewe unayesoma, ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hakuna kicheko. Mimi si mlevi, na mambo ya wafu nilikuwa nikiwaachia wachimba dhahabu wa Salamabila, ambao wakikosa dhahabu siku mbili lazima wamlaumu marehemu fulani. Haya niliyaona mchana, mjini Kasongo, siku ya Ijumaa, macho yangu makavu kabisa.

Mimi ni fundi wa magari. Kabla ya hapo nilisukuma baiskeli ya mawese kutoka Kabambare, na huko ndiko nilikojifunza kufunga. Aliyesukuma mawese anajua: unakata utepe wa mpira wa ndani wa tairi, unauvuta mpaka unalia, unazungusha, unapiga fundo, na bidoni, lile dumu la mawese, haitikisiki mpaka Kasongo. Mimi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo langu linalala kinyume na la watu wote. Wenzangu walinitania kwamba bidoni zangu zimefungwa na shetani. Hata nilipokuwa fundi niliendelea kufunga hivyo hivyo kila kilichopasuka, na nilijisifu, sikufichi.

Sasa sikia. Mwalimu mmoja alikuwa na gari dogo ambalo motere yake ilikufa. Akanunua nyingine iliyokwisha kutumika, ikaletwa juu ya lori, imejaa tope na masizi. Nani angejua imetoka wapi? Mwalimu alikuwa na haraka. Binti yake alikuwa kijijini, njia ya Kabambare, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na muuguzi alikuwa amesema asizalie kule. Baba alitaka kumleta mjini kwa gari hilo.

Nikaiingiza motere. Ikiwa baridi, iliimba vizuri. Ikipata moto, ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. Ukiiacha ipoe, inawaka tena kama vile haikukosa kitu. Kwenye motere hizi kuna kidude tunakiita kapteri, kinachosikiliza jinsi motere inavyovuta hewa, na kinasikiliza kupitia kibomba chembamba cha mpira. Kibomba kikivuja, kapteri inadanganyika, esansi, yaani petroli, inamwagika nyingi kupita kiasi, motere inasongwa. Nilijua yote hayo. Siku tatu nilibadilisha kapteri, nikafuata nyaya, nikasafisha kila tundu. Kibomba chenyewe kilipita nyuma kabisa, kimefunikwa na tope lililokauka. Nilikigusa kwa kidole, nikaona ni kigumu, nikakiacha.

Ijumaa adhuhuri wenzangu walikwenda msikitini, nikabaki peke yangu. Nilikuwa nimechoka. Nikaamua nimpe mwalimu gari lake, nimwambie ikizima asubiri ipoe, kisha aendelee. Itamfikisha tu. Niliwasha motere mara ya mwisho, nikainama kunawa mikono. Ilipokohoa ikazima, nikasikia mtu akishusha pumzi ndani ya gari.

Mwanamke alikuwa ameketi nyuma ya kiti cha dereva. Alikuwa mjamzito, amevaa kitenge cha kijani, ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Niamini, milango ya nyuma ilikuwa haifunguki, vitasa nilikuwa nimeving'oa mwenyewe. Nikadhani ni binti wa mwalimu. Nikamwamkia, nikamuuliza amefikaje. Hakunitazama.

"Fundi, ilizimikaka hivi hivi," alisema. "Pale kwa mulima. Bwana yangu akishika kale kampira, motere inaimba. Akiachilia, inazimika. Mikono yake iko mbili tu. Atashika kampira, ao ataendesha?"

Sauti ile niliijua kabla ya kukumbuka nimeisikia wapi. Halafu nikakumbuka. Ilikuwa Kabambare, nilikoanzia ufundi kabla sijahamia Kasongo. Mtu na mkewe walisimama kwangu asubuhi, mke ameshikwa na uchungu, wanakimbilia hospitali. Kibomba cha hewa kilikuwa kimepasuka. Nilikifunga kwa utepe wangu kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Mke aliniuliza kupitia dirisha kama gari litawafikisha. Nami nikamjibu nikicheka, "Itawafikisha, mama." Sikulijaribu hata kwenye kilima kimoja. Wakaenda, na sikuuliza habari zao tena.

Nikakimbilia mbele ya gari, nikakwangua lile tope kwa kucha. Chini yake kulikuwa na utepe wa mpira, na fundo limelala kinyume. Ukiwa baridi unabana. Ukipata moto unalegea, hewa inapita. Nilipoinua kichwa, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nikaketi chini nikalia, na wenzangu waliporudi walidhani nimepata habari ya msiba. Niliwaambia ndiyo.

Nilikata kibomba kile, nikaweka kipya. Nikamlazimisha mwalimu tupande kilima mara tatu, motere ikiwa na moto, ndipo nikampa gari lake. Binti yake alifika na akajifungua salama.

Kisha nikapanda pikipiki mpaka Kabambare, fundo mfukoni. Nilimkuta yule mume akiuza chumvi na sabuni. Nilimweleza yote, kama ninavyokueleza wewe. Mkewe alikufa pale mlimani, mtoto bado tumboni, yeye mume akiwa ameshika kibomba kwa mkono mmoja na kuita watu ambao hawakuwepo. Baadaye aliuza gari kama chuma chakavu, kwa sababu hakuweza tena kuliangalia. Niliweka fundo mbele yake. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amekaa upande gani?"

"Nyuma ya dereva."

"Ni pale nilimuweka," akasema. "Ili nipate kumushika mukono nikiwa naendesha."

Hakunisamehe, nami sikuthubutu kuomba. Alinipa maji ya kunywa. Kisha akalichukua lile fundo, akajaribu kulifungua kwa kucha zake, likakataa.

Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto haufungi kitu. Unashika kijiko, unashika nyundo, lakini nikianza fundo vidole vinalegea. Wauguzi hawaoni ugonjwa. Nami sitafuti tena dawa.

Kwa hiyo wewe fundi, usimpe mtu gari ambalo hujalipandisha mlima likiwa na moto. Nawe abiria, ukiambiwa kwa kicheko kwamba litakufikisha, mwambie fundi apande pamoja nawe. Na mtu uliyemtengenezea kitu akishaondoka, uliza kama alifika. Mimi sikuuliza, akaja mwenyewe kuniambia.