Ndevu za Mkaa Kwenye Kontena

Kwaru, kwaru, kwaru. Hadi leo nikipita karibu na soko la Kangemi naisikia ile brashi ya waya ikikwangua kutu kwenye kontena, na meno yanajikaza yenyewe. Mkono uliokwangua ulikuwa wangu. Nilikwangua asubuhi nzima huku nikiimba, maana huo ulikuwa ukuta wangu wa kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nachora mabango ya vinyozi tu: kichwa kimoja, mashine moja, mkasi mmoja, asante kwaheri. Sasa vijana wa mtaa walikuwa wamepata kontena kuukuu, wanaligeuza chumba cha kusomea, na mwenyekiti wao akaniita mimi, msichana wa Waithaka niliyeachia shule kidato cha pili, nije nilipambe.

Mwenyekiti alijua anachotaka. "Msanii, nichoree huyu," akasema, akanisogezea simu mpaka puani.

Alikuwa yule mzee wa mapinduzi, wa kisiwa cha mbali, mwenye ndevu na kofia ya kijeshi. Jina lake silitaji. Ukilitaja tu, watu wanagawanyika kabla hujavuta pumzi. Mwenyekiti alimpendea jambo moja: alipoishika nchi, alituma vijana kwa maelfu vijijini, na taa zao za mafuta mkononi, wakawafundishe wakulima kusoma. "Vijana! Watoto wa shule kabisa!" alisema, kama mtu anayetangaza bao. Na mimi nikashangilia bao. Mama yangu husaini kwa kidole gumba. Nilimwona kichwani msichana wa rika langu akiingia kwetu na taa, akimshika mama mkono juu ya karatasi, nikachukua mkaa papo hapo.

Fundi aliyenifunza kazi alinionya: usianze na macho. Anza na mabega, kofia, ndevu. Macho yawe mwisho, la sivyo picha itaanza kuwatazama watu kabla hujaimaliza. Lakini furaha haina masikio. Nilianza na macho, nikashukia ndevu.

Ndipo mama wa injera akatoka kumwaga maji. Ana kibanda cha chakula ubavuni mwa kontena, anauza injera, ule mkate mwembamba mchachu wa kwao. Alikuja Nairobi kutoka Ethiopia akiwa bado msichana. Stima ya chumba cha kusomea ilikuwa ivutwe kutoka kwake, na alijitolea mwenyewe bila kuombwa. Akainua uso, akakutana na yale macho.

"Huyu, hapana."

"Mama, ni mchoro tu."

"Mwanangu, mimi namjua. Kaka yangu alikuwa mwanafunzi. Serikali ya kwetu ilimchukua asubuhi, ikasema inajenga usawa. Hata mwili hatukupewa. Na huyu akawa rafiki yao, akawaletea askari, wakakumbatiana." Aliweka karai chini polepole. "Ukimaliza huo uso, mimi nahama. Siwezi kukaanga vitunguu akiniangalia."

Mwenyekiti akadakia, "Lakini mama, si ndiye aliyewasaidia ndugu zetu wa kusini kupigana na makaburu?"

"Sawa. Na kaka yangu nimweke wapi?"

Mwenyekiti akaizima simu, akaitia mfukoni. Mwishowe akasema, "Basi twende bungeni."

Bunge letu si lile la waheshimiwa. Ni benchi za bustani katikati ya jiji, ambapo saa ya chakula cha mchana wasio na chakula hula siasa. Lina desturi moja: anayetaka kumsifu mtu huanza na ubaya wake, na anayetaka kumlaumu huanza na wema wake. Ukikwepa, unapigiwa miluzi mpaka ukae.

Mwenyekiti alisimama wa kwanza. "Bwana Spika, ubaya wake ni kwamba alivuta sigara kupita kiasi."

Miluzi! "Hoja ya nidhamu! Huyo anatuchezea!" "Kaa chini, mheshimiwa wa ndevu!" Akakaa, masikio yakiwaka.

Mama wa injera akasimama. Hata mchuuzi wa njugu akaacha kutikisa mkebe wake. Mama akasema, "Alifundisha watu kusoma." Akaanza neno la kaka yake, akaliacha katikati, akakaa. Hakuna aliyepiga mluzi.

Sijui ni nani aliyeniinua. Nilijikuta nimesimama, mkaa ungali kwenye kucha.

"Rudi kwa vinyozi, msichana!" mtu aliyezijua kazi zangu akapaza sauti.

"Nitarudi, nikimaliza," nikamjibu, wakacheka, na kicheko kile kikanipa ujasiri. Nikasema, "Aliwafunga waliompinga. Watu wake walimkimbia baharini. Wauaji wa kaka ya mama aliwaita marafiki. Hayo siwezi kuyapaka rangi juu. Na bibi wa kijijini kule kisiwani aliyeandika jina lake mara ya kwanza akiwa na mvi, yeye pia siwezi kumfuta. Lakini Bwana Spika, usiku, mlangoni kwa yule bibi, hakuja mzee wa ndevu. Alikuja msichana na taa. Mbona yeye hana ukuta popote? Mimi nitamchora yeye."

Wee! Benchi zilipigwa kama ngoma. Yule aliyenirudisha kwa vinyozi ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Nilimtazama mama wa injera tu. Alikuwa akiniitikia kwa kichwa, mashavu yamelowa, anatabasamu. Mwenyekiti akanikumbatia: "Umenipindua mchana kweupe, msanii!"

Ndevu zilifutika kwa kitambaa chenye maji. Macho yalikataa, nilikuwa nimeyakandamiza sana, yakabaki vivuli viwili. Nikayageuza kuwa taa, moja mkononi mwa msichana, nyingine mkononi mwa mwenzake, na kati yao nikamketisha bibi mwenye mvi. Nilimweleza mama wa injera, nisije nikamficha. Alizikagua zile taa, mkono kiunoni.

"Basi amulike," akasema. "Asiangalie. Amulike."

Stima ikavutwa siku ya Jumamosi. Balbu ilipowaka watoto wa Kangemi walipiga kelele kana kwamba timu ya taifa imeshinda, na mama wa injera akagawa kahawa na bisi kwa kila aliyepita, hata waliopita mara ya pili kwa makusudi. Mama yangu alikuja kutoka Waithaka, akasimama mbele ya ukuta akiwaambia wasiomjua, "Huyo ni wangu." Sikujua anamaanisha mimi au yule wa taa.

Walipoondoka wote, nilibaki kuosha brashi. Kitabu mapajani mwa yule bibi niliyemchora kilikuwa bado cheupe. Nikaokota pakiti tupu ya kahawa ya mama wa injera, iliyochapwa maandishi ya kwao, nikachagua herufi moja, ya kwanza kabisa, na kwa brashi ndogo kuliko zote nikainakili kwenye ukurasa.