Siku Susu Alipopanda Pikipiki Kwenda Kathiani

Kaka yangu alizileta nyumbani kwetu Mumbuni, kando ya mji wa Machakos, juu ya mkokoteni wa punda, pikipiki mbili zilizokufa, na mama akadhani ameokota vyuma vya kuuza kwa kilo. Ilikuwa miaka ya tisini, katikati. Mradi mmoja wa maji ulikuwa umefungwa na vyombo vyake vikapigwa mnada. Kaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini alipenda injini kuliko chaki, naye akachukua zile mbili ambazo hakuna mwingine aliyezitaka.

Zilikuwa pikipiki za njia mbaya, zilizoinuka juu kama mbuzi anayetaka kuruka ua, zenye tairi za meno na kiti kirefu kilichopasuka mpaka sifongo ikatoka nje. Hazikuwa na kitufe cha kuwashia. Hata maji ya kupoza injini hazikuwa nayo. Injini ilipozwa na upepo wa safari tu, ukipita katikati ya mapezi ya chuma yaliyoizunguka silinda. Kaka alisema hapo ndipo ilipo raha yake: kila kitu unakiona kwa macho, na kikiharibika unakifikia kwa mkono.

Nia yake ilikuwa kuzichinja zote mbili na kupata moja nzima. Lakini kulikuwa na mzee mmoja Msomali, mfanyabiashara wa mbuzi pale mjini, aliyekuwa na ya tatu ya aina ileile, imelala nyuma ya boma lake na kuku wakitagia mayai kwenye kiti. Alipotuona tunaizungukazunguka, alituambia tufungue kabureta na chochote kingine tulichohitaji, mradi tuje siku zitakapowaka azisikie. Tulikuja. Alisimama kati ya zile mbili zikinguruma, mikono nyuma, macho ameyafumba, akicheka peke yake kama mtu aliyesikia wimbo wa harusi yake. Hivyo ndivyo nilivyopata pikipiki. Ile yenye kiti kibovu zaidi ikawa yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini. Wasichana wa rika langu waliendesha cherehani. Kaka alinifundisha kwenye mto uliokauka, chini ya mashamba, ambako mchanga ungenipokea nikianguka, na ulinipokea mara nyingi. Kuiwasha kulikuwa na adabu yake. Unafungua petroli, unavuta choki ya kupunguza hewa, unashusha kiki, ile pedeli ya kuwashia, polepole mpaka uhisi imekaza, kisha unaikanyaga kwa uzito wako wote. Ukiifanyia haraka, inarudi na kukupiga teke la ugoko.

"Uko na woga?" kaka aliniuliza siku ya kwanza.

Nilimwambia niko na woga.

"Basi ongeza mafuta. Ukipunguza, mchanga unakumeza."

Niliongeza. Gurudumu la nyuma likachezacheza kama mkia wa ng'ombe, halafu pikipiki ikapanda juu ya mchanga badala ya kuzama ndani yake, na nikawa naenda, gia ya pili, gia ya tatu, kingo za mto zikirudi nyuma pande zote mbili, sketi imepepea juu ya suruali ya kaka niliyoivaa ndani yake. Nilisikia mtu anapiga kelele za furaha, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni mimi. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nikifunga duka, tulikuwa barabarani. Majirani walisema yao. Mama naye alisema yake, lakini alinishonea mfuko wa ngozi wa kuwekea spana.

Wakati huo nyanya yetu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, alikuwa anaishi nasi. Magoti yalikuwa yamemkatalia milima, ndipo akaletwa mjini. Alikozaliwa ni juu ya Kathiani, kwenye mgongo wa kilima ambako magari hayakufika. Barabara ilikwisha chini kwenye maduka, na kutoka hapo ilikuwa njia ya miguu kati ya matuta ya mashamba. Mdogo wake alikuwa bado anaishi huko, naye magoti yake hayakuwa mazuri zaidi. Mmoja hakuweza kupanda na mwingine hakuweza kushuka. Kwa miaka mingi walitumiana salamu kwa wauza maembe.

Jumamosi moja ya Agosti, tukiwa tunakaza minyororo uani, Susu alitoka na kigoda chake akaketi kututazama. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama hii yangu inaweza kubeba mtu. Nilimjibu kwamba inaweza. Akauliza kama inaweza kubeba mtu mpaka kwa mdogo wake.

Kaka alisema yeye ndiye atakayembeba, kwa kuwa ana mazoezi zaidi. Susu alimkataa. Alisema kaka anaendesha kama mtu anayekimbia nyuki, lakini mimi naendesha kama mtu mwenye mayai. Mama aliposikia, alikuja na sababu saba za kukataza, na Susu alizisikiliza zote kwa heshima huku akivaa koti.

Tulimfunga kwangu kwa leso mbili, moja kiunoni, nyingine kifuani, kama vile mama anavyofunga mtoto mgongoni. Helmeti ilikuwa moja, ya kaka, nayo akapewa Susu. Aliivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Kaka alibeba kiondo chenye sukari, majani ya chai, na kuku jike mzima wa zawadi, kichwa nje. Jirani mmoja aliuliza bibi anapelekwa hospitali gani. Susu akamjibu kutoka ndani ya helmeti kwamba yeye si mgonjwa, anaenda kutembea.

Mwanzoni nilienda polepole mno. Nilihisi kila jiwe kwa niaba yake. Tukiwa tumeuacha mji nyuma, yeye ndiye aliyenigonga begani na kuniuliza kama huu ndio mwisho wa nguvu yake. Nikaongeza. Barabara ilikuwa ya murram, udongo mwekundu usio na lami, imekaushwa na jua mpaka imekuwa na mawimbi, na siri ya barabara ya mawimbi ni kwamba ukienda taratibu inakutikisa meno, ukikimbia unaelea juu yake. Tulielea. Upande mmoja milima ya Iveti ilikuwa ya bluu, upande mwingine matuta yalishuka kama ngazi hadi bondeni, na nyuma ya sikio langu Susu alikuwa anataja nyumba za watu: huyu alimuoa fulani, yule aliuza shamba, pale palikuwa na mti.

Kwenye kivuko cha kijito kuku alitoroka. Kaka aliruka jiwe, kiondo kikaruka pia, na kuku akatoka kama risasi akashuka shambani. Kaka hakusimama. Aligeuza pikipiki, akafuata. Nilimwona anapanda tuta, anashuka tuta, amesimama juu ya vikanyagio, kuku mbele akipiga kona ambazo hakuna tairi ingeweza. Mwenye shamba alitoka na jembe, akaona mambo yalivyo, akaliweka jembe chini akaanza kumwelekeza kaka kushoto na kulia. Mwishowe kuku alichoka, akajificha chini ya kichaka cha mbaazi, akakamatwa. Susu alikuwa amecheka mpaka leso ya kifuani imelegea, ikabidi nimfunge upya.

Baada ya maduka ya Kathiani tulianza kupanda. Hapo ndipo unapoijua injini ya kupozwa na upepo. Ukienda kwa kasi, upepo unaifanyia kazi. Ukipanda polepole na mzigo, upepo haupo na joto linabaki. Nilianza kusikia harufu ya oili iliyoungua. Nguvu zikapungua, sauti ikawa nzito, na joto likanipanda miguuni kama nimekaa karibu na jiko. Nilizima chini ya mkaratusi. Injini ikaanza kulia tik, tik, tik, chuma kikijikunja.

"Inasema nini?" Susu aliuliza.

"Inasema imechoka."

"Basi tukae nayo," akasema, akatulia pale pale kitini, bado amefungwa kwangu.

Mama mmoja wa nyumba iliyo karibu alituhurumia, akaja mbio na karai la maji akitaka kuimwagia ile injini. Kaka alimwahi akiwa ameshaliinua. Alimweleza kwamba chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapasuka. Yule mama hakutaka maji yake yarudi bure, kwa hiyo Susu akanyoosha miguu, na akaoshwa vumbi la safari nzima akiwa juu ya pikipiki.

Ilipopoa tuliendelea, hadi tukafika mahali nilipopaogopa tangu asubuhi. Njia ya mwisho ilikuwa korongo lililochimbwa na mvua, jembamba, limejaa mawe yaliyolegea, limesimama kama ukuta. Nilikuwa nimelipanda mara mbili nikiwa peke yangu, na mara moja kati ya hizo nilianguka. Kaka aliweka pikipiki yake kando. Alimwambia Susu kwa upole kwamba tutamfungua, na sisi wawili tutambeba kwa mikono hadi juu, si mbali.

Susu alikataa. Hakupandisha sauti. "Hapa niliteremka kwa miguu yangu nikienda kuolewa," alisema. "Sipandi nikibebwa kama maiti. Mtoto huyu atanipeleka."

Kaka alinitazama. Nilitaka aseme hapana, aninyang'anye uamuzi, lakini aliniuliza tu kama ninaweza. Na bado nilikuwa na hamu, hamu kubwa, ya kujua kama tutapita. Nikasema naweza. Nilimwambia Susu anilalie mgongoni, asiegemee nyuma hata kidogo, hata akiona mbingu.

Gia ya kwanza. Niliiachia klachi, na mlima ukatujia usoni. Jiwe la kwanza lilitutupa kushoto, la pili likaturudisha. Gurudumu la nyuma lilikuwa linatema mawe, nikisikia yakimpiga kaka aliyekuwa anakimbia nyuma mikono mbele, tayari kutudaka, ingawa sijui angetudaka na nini. Katikati, gurudumu la mbele likainuka. Liliacha ardhi kabisa, na kwa nukta moja sikuona njia, niliona taa ya pikipiki na anga. Kisha uzito wa Susu ukanisukuma mbele, kifua chake chote kwenye mgongo wangu, kidevu cha helmeti kimenikaza begani, na gurudumu likashuka likauma udongo.

"Usiache," alikuwa ananiambia sikioni. "Usiache, usiache."

Sikuacha. Injini ilikuwa inalia sauti moja ndefu, nami nikilia nayo, na ghafla hapakuwa na mlima tena. Tulikuwa tumetokea kwenye uwanja uliofagiwa, kati ya maganda ya maharagwe, mbuzi wakikimbia huku na huku, na bibi mmoja mfupi akiwa amesimama na fimbo ya kupuria mkononi, akitutazama kama watu wa serikali.

Nilizima. Yule bibi aliniuliza kwa ukali mimi ni nani na huyu mwenye kofia ya polisi amekuja kumshika nani. Susu alivua helmeti polepole, kitambaa kikatoka nayo, nywele zake nyeupe zikasimama.

Fimbo ilianguka. Bibi alikuja kwa magoti yake mabovu, akiyumba, mkono mmoja mbele, na kwa kuwa dada yake alikuwa bado amefungwa kwangu, alitukumbatia wote wawili. Nilikuwa katikati, nimebanwa na wazee wawili waliokuwa wanalia na kusalimiana salamu zile ndefu za Kikamba, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Kaka alifika akihema, magoti yanavuja damu kwa kupigwa na mawe, akatoa kuku kutoka kwenye kiondo alichokuwa amekivaa shingoni wakati wote huo.

Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Kabla ya chai, yule mdogo wa Susu alizunguka pikipiki yangu mara kadhaa, akaligusa tangi, kisha akauliza kama yeye peke yake ndiye atakayebaki bila kupanda. Nilimzungusha uwanjani. Susu alikaa kwenye mkeka akimpigia kelele asiegemee nyuma.

Jua lilipoanza kuinama tulitaka kumfunga Susu tena kwa leso, akasema yeye harudi leo. Alikaa huko hadi mvua za Novemba zilipokaribia, na tulipomfuata alikuwa amenenepa. Baadaye alikwenda tena na tena, kila nilipokuwa na Jumamosi na petroli, mpaka mwaka ule mdogo wake alipofariki. Hapo alisema njia ile imekwisha, akaacha kuomba. Yeye mwenyewe alituacha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Bodaboda zilipojaa Machakos, kaka alihamishwa kikazi akaondoka na ya kwake, na yangu, kiti chake kikiwa kimeshonwa mara tatu, ilitoa vipuri kimoja kimoja hadi ikabaki fremu.

Lakini jioni ile tulishuka kilima wawili, wepesi, bila mzigo. Chini ya korongo kaka alipanda pikipiki yake bila kuiwasha, ili kuokoa petroli, nami nikazima yangu, na tukaziacha zitelemke zenyewe. Hapakuwa na sauti ila tairi juu ya vumbi na upepo ndani ya mashati yetu. Watoto waliokuwa wanateka maji waligeuka tukiwa tumeshawapita. Kaka alikuwa mbele kidogo. Nililala juu ya tangi, ambalo bado lilikuwa na joto, nikaacha breki, nikampita.