Shikamoo Iliyokwama Dirishani

Mdogo wangu alibakiza mwaka mmoja amalize chuo, lakini baba alikuwa ameshampangia kiti nyuma ya kaunta ya duka letu la vifaa vya umeme, Igoma, si mbali na ziwa. Nilimbembeleza baba mpaka akakubali jaribio moja: akisikia kwa masikio yake hicho kinachomnyima mwanawe usingizi, atamwacha arudi chuoni.

Chenyewe kilikuwa taa ndogo za LED zinazotoa urujuanimno, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Ukiongea kwenye maiki, mwanga unapanda na kushuka kwa kufuata sauti yako. Ng'ambo ya ua kipokezi kinaunasa na kuurudisha kuwa sauti kwenye spika. Mama aliuliza kwa nini tusipige simu tu. Mdogo wangu alimweleza kwa subira, mama akarudi kwenye ugali wake.

Chumbani, mapazia yakiwa yamefungwa, tulikuwa tumesemezana kwa mtambo huo vizuri tu. Uani jua lilikizidi nguvu kipokezi, kwa hiyo tukangoja magharibi. Taa tuliziweka kwenye dirisha la jikoni, nikapewa maiki. Baba alikaa barazani mbele ya spika, kofia kichwani. Tulichagua salamu, maana hajawahi kuacha shikamoo ya mtu bila kuijibu.

"Shikamoo, baba."

Spika haikutoa neno. Nikarudia, nikarudia tena. Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi, walikuwa wameuona mwanga tusiouona sisi na kuzifunika taa zote. Mdogo wangu aliwafuta kwa kanga yangu, wakaja wengine. Spika ilikwaruza tu. Baba alingoja, sitamsingizia, kisha akaenda kutawadha. Nilipomwomba turudie siku nyingine alisema tulikubaliana jaribio moja tu. Kesho yake mdogo wangu ndiye aliyefungua duka.

Inaniuma hadi leo. Mtambo ulikuwa unafanya kazi, na wadudu wale ndio waliokuwa ushahidi wetu, ila hakuna aliyekumbuka kumwambia baba hivyo.

Siku hizi tunauza taa za zambarau za kunasia wadudu. Juzi nilikuwa pale dukani mteja alipouliza kama kweli zinawavuta hawa wa ziwani. Mdogo wangu hakuinua uso, alikuwa anafunga boksi.

"Zinawavuta," alisema. "Nilishajaribu mwenyewe nyumbani."