Upinde wa Mabaki

Kwenye karakana ya samani ninakofanya kazi, hapa Kibaha, mimi ni wa kupiga msasa na kupaka vanishi. Nilianza nilipoacha shule kidato cha pili, baada ya mama kumfuata baba kaburini, na mikono imezoea mpaka nikishika mkate natafuta palipo na mkwaruzo. Upinde sikuwahi kutengeneza.

Aliyeutaka ni mdogo wangu wa mwisho, ninayeishi naye chumba kimoja. Shuleni kwao kulikuwa na mchezo wa kulenga shabaha kwa mishale, na wasichana walipokezana upinde mmoja wa kuazima. Kisha mwalimu wa mchezo akasema siku ya mchujo, kwenye uwanja mmoja Kisarawe, kila mtu aje na wake. Asiye nao atakaa na watazamaji. Tangu msiba wa mama, mtoto huyu hakuwa ameniomba kitu. Sare ikipasuka alishona mwenyewe. Safari hii aliomba.

"Dada, si huko kazini kwenu kuna mbao?"

Zilikuwepo, za mabaki: vipande vyembamba vya mninga, ambavyo kimoja kimoja visingefaa kitu. Tukatazama video kwenye simu, ya mtu anayeongea lugha tusiyoijua, tukafuata mikono yake tu. Anapaka gundi ubao mwembamba, anaubandika juu ya mwingine, anazibana zote kwenye gogo lililochongwa kwa kupinda. Mgongoni mwa upinde tuliweka mwanzi tulioukata nyuma ya nyumba ya wazazi, Msimbu. Jiriwa zote za karakana zilikuwa zimeshika kazi za wateja, kwa hiyo nilibana kwa mipira ya tyubu ya baiskeli, nikizungusha na kuvuta mpaka vidole vikafa ganzi. Hayo yote baada ya kazi, mgongo ukiwa umeshachoka na makochi ya watu.

"Wewe dada," fundi mkuu aliniambia, "hicho ni kitanda cha nyoka?"

"Ndiyo, fundi. Na ameshaanza kuulizia godoro."

Nilipofungua mipira, nikakuta upande wa chini gundi haikushika vizuri. Kati ya mwanzi na mninga palibaki upenyo mwembamba kama ukucha. Nikafanya tunachofanya kwenye kila meza: nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Fundi mkuu akapitisha kidole, hakupaona. Nikajiona nimemaliza.

Jumapili tukaenda Msimbu kuujaribu, kwa sababu kule kuna nafasi. Mdogo wangu akavuta kamba. Kabla mkono haujafika kifuani tukasikia kitu kikilia, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa, na kile kiraka changu cha gundi kikaruka kikaangukia majani. Meza haipindwi. Hilo sikuwa nimeliwaza.

Akautazama upinde, akanitazama mimi. "Dada, ulimpaka poda mgonjwa."

Nilicheka, ingawa nilitamani kulala palepale chini. Mchujo ulikuwa Jumamosi.

Nilirudi Kibaha nikaanza upya. Nikakikwangua kiraka chote, nikaupinda upinde kidogo ili upenyo ufunguke, nikasukuma gundi ndani kwa wembe, nikabana tena kwa mipira. Iliposhika, nikapazungushia uzi wa kushonea viatu, mstari ukigusa mstari, na juu yake gundi nyembamba. Ukashika. Lakini sasa upande wa chini ulipinda zaidi ya wa juu. Hapo dawa ni moja: unaupunguza wenye nguvu mpaka ulingane na mwenzake. Nikachukua kipande cha kioo kilichovunjika, nikakwangua upande wa juu, nikavuta kamba, nikatazama, nikakwangua tena. Pande zikalingana, ila upinde mzima ukawa mwepesi kuliko nilivyotaka.

Uwanjani Kisarawe nilikaa kwenye nyasi, uzi na gundi vikiwa kwenye mkoba. Mwalimu aliugeuzageuza upinde.

"Umenunua wapi?"

"Dada yangu kautengeneza."

"Na hizi nyuzi hapa ni urembo?"

"Ni kidonda, mwalimu. Kimepona."

Akacheka, akamrudishia.

Mshale wa kwanza ulichoma ardhi kabla ya shabaha. Wasichana wawili walitazamana. Mshale wa pili mdogo wangu aliuelekeza juu kidogo, ukagonga ukingo. Baada ya hapo sijui vizuri mishale ilikwenda wapi, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa nikisikiliza mbao. Kila alipovuta nilisubiri ule mlio wa kijiti. Haukuja. Yaliposomwa majina ya wanaobaki kwenye timu, lake lilikuwa karibu na mwisho.

Alikuja akikimbia, kisha akapunguza mwendo, akanikabidhi upinde. Nilipitisha kidole kama nilivyozoea. Nyuzi zilikuwa salama. Upande wa juu, pale nilipokwangua sana, palikuwa na ufa mdogo kama unywele.

"Mazoezi ni kila Jumamosi," alisema. "Upinde utahimili?"

"Huu utakufikisha mahali. Tutatengeneza mwingine, na msasa utapiga wewe."

"Nitapiga."

Sikuwa na nguvu ya kufurahi kwa sauti. Nilikuwa bado nimekaa kwenye nyasi. Akautundika upinde begani, akachukua mkoba wangu bila kuuliza, akaninyooshea mkono.