Maji ya Kunawa

Abiria wa ndege wana tabia zao, na anayetaka kuzijua asimuulize rubani. Rubani amejifungia mlango wake. Atuulize sisi tuliokuwa tukisukuma kigari cha chakula katikati ya viti, tukiitwa kwa mluzi kama mbwa wa kuwinda, na mtu mzima mwenye tai akituvuta sketi ili aulize kama bia ni baridi.

Kazi hiyo niliifanya miaka ya tisini. Nilitoka kijiji kimoja karibu na Birongo, katika nyumba ya Wasabato wanaolima chai na ndizi. Viatu vyangu vya kwanza vyenye visigino nilivinunua mjini Kisii, kwenye duka la Mhindi. Mke wake alinitembeza kutoka mlangoni hadi kaunta, akanirudisha, kisha akaniambia ninatembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Nikamjibu kwamba ni kweli, nimebeba ndoo tangu utotoni, na ndiyo maana sitaangusha trei ya mtu. Alicheka, akanipunguzia bei.

Chuoni Nairobi tulifundishwa kuchuchumaa kwa magoti badala ya kukunja mgongo, kumtazama abiria machoni, na kutabasamu hata akinuna. Tulifundishwa pia jambo ambalo abiria wengi hawakulijua. Akikugusa mara ya kwanza, unarudi nyuma ukiwa bado unatabasamu. Akirudia, unaacha kutabasamu na kumwambia waziwazi akome. Mara ya tatu unamwambia mkuu wa wahudumu, na kuanzia hapo mtu huyo hahudumiwi tena. Somo hilo nililipenda kuliko yote. Heshima si utumwa, na hapo ndipo nilipoona kazi hii inalijua hilo.

Siku moja alipanda mama mzee wa kwetu, akienda kumwona mwanawe ng'ambo. Nilimtambua kwa maombi ya Kigusii aliyoyasema alipofungwa mkanda. Trei ilipowekwa mbele yake hakuigusa. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye njia tunayopitia, akangoja. Mwenzangu alidhani anataka kuinuliwa, akaishika mikono na kuanza kumvuta. Mimi nilielewa. Nilichukua jagi la maji na ndoo ya barafu, nikapiga magoti, nikamnawisha pale pale kitini. Alinibariki kwa Kigusii, mimi na watoto ambao sijawazaa, kisha akala kila kitu hadi kipande cha limau.

Mkuu wangu alinikaripia. Zulia lililowa, na kunawisha abiria hakukuwa katika taratibu zetu. Nilimwambia kwamba kwetu mtu hapewi chakula mikono ikiwa mikavu. Akanionya nisirudie. Nikasema nimesikia, lakini sikusema nitaacha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa na mchumba, mwalimu kutoka upande wa Nyamira, mpole, mwenye mwandiko mzuri ubaoni. Nilimpenda, sitasema vinginevyo. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo ukoo wao ulipokuja kwetu kuposa, aliyesimama mahali pa baba alikuwa baba yake mdogo. Walikuja Jumapili, maana Jumamosi nyumbani kwetu hata moto wa chai huwashwa kwa aibu.

Mama hakuipenda kazi yangu. Ilinifanya nisafiri siku ya Sabato, na wanawake aliochuma nao chai walimwambia kwamba wasichana wa ndegeni ni wa kila mtu. Alitaka niolewe, yaishe. Baba yangu hakuwa amesema lolote. Yeye ni mzee wa kanisa, na maneno yake huyatoa kama mtu anayetoa mbegu za mwisho ghalani.

Baba mdogo alipoingia, alinishika mkono akaung'ang'ania, akinikuna kiganja kwa kidole. Hapo inafaa nieleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya inayotenga kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hamfanyii mzaha, hata nyumbani mwao haingii ovyo. Mtu huyu alikuwa amekuja kuwa baba mkwe wangu. Nikauondoa mkono, nikarudi nyuma, nikatabasamu. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Alipokaa alihutubu. Ng'ombe hawakuwa shida, alisema. Shida ilikuwa kazi yangu. Ukoo wao hauwezi kuoa mwanamke anayeinamia wanaume wageni huko juu, kwa maana mwanamke wa namna hiyo amekwisha kupoteza chinsoni. Niache kazi kabla ya arusi, la sivyo warudi na ng'ombe wao. Mama aliitikia kwa kichwa. Mchumba wangu, ambaye alikuwa ameniahidi kwamba kazi yangu haitaguswa, aliangalia viatu vyake.

Nikaenda jikoni nikiwaka. Nilikuwa nikirudi na vikombe baba mdogo aliponipigia mluzi. Nilipomfikia alinigonga kiunoni, akaniuliza kwa Kiswahili cha mjini, ili vijana aliokuja nao wacheke, kama huko juu abiria hupewa na kingine zaidi ya chai. Vijana wake walicheka. Nilimtazama machoni kama nilivyofundishwa. "Baba, mikono yako ikae kwako." Akasema nina kiburi. Hiyo ilikuwa ya pili.

Chakula kilipoiva, ilikuwa kazi yangu kuwanawisha wageni. Kwa desturi huanzwa na mkubwa, lakini yeye alisema niwapitie wengine kwanza, apate kuitazama huduma ya ndegeni. Nikawapitia. Mchumba wangu alinawa bila kuinua macho. Nilipofika kwa baba mdogo, nikachuchumaa na beseni, aliupeleka mkono mmoja kwenye maji na mwingine kwenye paja langu.

Nikasimama. Sikumwagia mtu maji, ingawa wapo wanaosimulia hivyo hadi leo. Nilivuka chumba na jagi langu hadi alipokuwa ameketi baba yangu, nikamwambia kwa Kigusii, kwa sauti ya kawaida, kila mtu akisikia, kwamba mgeni huyu amenigusa mara tatu.

Nje mvua ilikuwa imenyesha, na pipa chini ya paa lilikuwa likifurika. Sote tuliyasikia maji. Baba alilitazama jagi, akamtazama yule mwanamume aliyekuwa bado amenyoosha mkono wake.

"Maji yamekwisha," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mzee aliyekuja na wageni alitia kofia kichwani, maana alielewa. Asiyenawa hali, na asiyekula kwetu hana cha kuzungumza nasi. Baba mdogo aliinuka akitukana, akatoka. Mchumba wangu alibaki mlangoni kidogo. Nilidhani atasema jambo, na nilitaka sana aseme.

"Ungemnawisha tu," aliniambia. "Ni maji tu."

Nilimwambia awafuate watu wake. Iliniuma, inaniuma hata ninapoandika, lakini sijawahi kutamani niyarudishe maneno hayo.

Walipokwenda tukabaki na chakula cha watu wengi. Mama alikuwa akilia, akisema maji yakimwagika hayazoleki. Baba alimwacha amalize. Kisha akaniuliza, huko ndegeni mtu akifanya hivyo, huwa ninafanyaje. Nikamwambia huwa ninamwambia mkuu wangu.

"Basi umeniambia," alisema.

Akanyoosha mikono yake miwili, kama yule mama mzee kitini mwake, akangoja. Nilichuchumaa nikamnawisha. Halafu mama naye akajifuta machozi kwa leso, akasogea, akaileta mikono yake juu ya beseni. Kuku wa wageni tulimla sisi wenyewe, na Jumatatu nilirudi kazini.