Mawimbi Yametulia

Siku hizi mtu akiniambia nitulie, nakasirika. Si kosa lake. Hajui neno hilo lilitufanyia nini.

Kaka yangu mkubwa alianguka kwenye kituo cha kupimia majani, karibu na Kabianga, gunia la chai likiwa bado mgongoni. Moyo ulisimama. Jirani aliyewahi kusomea huduma ya kwanza alimkandamiza kifua mpaka gari likapatikana, na hospitalini moyo ukarudi. Tulishangilia kama wajinga. Hatukujua kwamba moyo unaweza kurudi peke yake, ukamwacha mwenyewe nyuma.

Walimlaza katika chumba cha mahututi, wakambandika waya kichwani kote. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya mhubiri, alitueleza kwamba ubongo ulikosa hewa, na mashine ile ingeonyesha kama bado unafanya kazi. Kwenye skrini kulikuwa na mistari inayopanda na kushuka. Aliiita mawimbi. Mimi na mke wa kaka tuliikodolea macho kutwa nzima. Ikirukaruka tuliogopa, tukidhani anaumia.

Asubuhi iliyofuata mistari ilikuwa imenyooka. Daktari akaitazama, akashusha sauti.

"Mawimbi yametulia, mama," alimwambia wifi yangu. "Tutarudia kipimo, lakini mjiandae."

Wifi akapiga magoti pale pale. Nani asiyejua habari ya bahari iliyokemewa ikatulia? Sisi ni watu wa kanisa. Na hata nyumbani, mtoto akitulia, homa imeshuka. Kujiandaa nako tulijiandaa: wifi alipiga pasi shati la kumtoa nalo hospitali. Yule daktari alitukuta koridoni tukiimba wimbo wa shukrani, akainamisha kichwa, akapita. Hilo ndilo sijamsamehe.

Wifi akampigia simu mama, kule Chebunyo. Mama alikuwa ameshavaa, anangoja gari la Bomet.

"Mama, mashine imesema ametulia. Usijisumbue na hii mvua. Utakuja wiki ijayo akiwa ameamka."

Mama akavua koti. Akafukiza kibuyu, akatia maziwa yagande, ili mursik ya mwanawe iwe imeiva atakapoamka.

Kesho yake kipimo kilirudiwa. Safari hii alikuja daktari mwingine, mwanamke wa makamo asiye na upole wowote, akasema bila kuzunguka kwamba ubongo umekufa. Nilimchukia kwa muda mfupi. Halafu nikatamani angekuwa yeye aliyekuja kwanza. Jioni hiyo moyo nao ukasimama.

Mama alifika siku iliyofuata, mwili ukiwa umeshapelekwa mochari. Hakulia. Alimtafuta yule kijana wadi kwa wadi, mimi nikimfuata nyuma kwa hasira zangu zote, nikiwa nimepanga matusi ya kumtukana. Mama hakuniachia nafasi.

"Taktari, mimi nimezika bwana, nimezika watoto wawili. Hilo neno naliweza. Ungesema tu amekufa, ningekuja hata na miguu, nimshike akiwa bado na joto."

Kijana alisema pole sana. Mama akamuuliza mochari iko upande gani.